Baba alikuwa mvuvi na sisi tulisahau kusema

Hii nimeiandika kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi amekaa kwenye kona ya nyumba ya msiba, ana daftari mapajani, nje watu wanalia na turubai linafungwa, na kuna baba mdogo kaja kumwambia "we ndo umesoma, andika historia ya marehemu, mchungaji anaitaka asubuhi." Mi nilikuwa huyo mtu. Ni mwaka wa pili sasa toka tumzike baba yetu Kyela na ile karatasi niliyoandika usiku ule bado inaniuma, ndo maana nimeona niwaambie niliyojifunza baada ya pale, maana mengi nimeyajua kwa kuchelewa.

Baba yetu alikuwa mtu wa reli. Alifanya kazi TAZARA hapa Mbeya mpaka anastaafu, kitengo cha njia, wale wanaotembea kwa miguu kukagua reli na mataruma mvua inyeshe jua liwake. Hiyo ndo kazi. Ila mapenzi yake yalikuwa ziwani. Ijumaa akitoka kazini kama wikiendi hana zamu anapita nyumbani anabadilisha nguo, anabeba begi lake la kijani lililopauka, mama anamfungia viazi na chai kwenye chupa, huyoo, kapanda gari la Kyela. Wanaoijua ile njia wanaelewa, unatoka Uyole umejikunyata, unapita Kiwira kwenye ndizi, Tukuyu unakuta mvua, halafu unaanza kushuka na joto linapanda kila kona, yaani Mbeya mjini tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500, kwa hiyo mtu anashuka zaidi ya kilomita nzima kwenda chini akiwa amekaa kwenye siti. Mi nikiwa mdogo alikuwa ananichukua likizo, mtoto wake wa kwanza, wa kike, na watu walikuwa wanamshangaa. Sweta lake alikuwa analivulia Ushirika, pale njiani ukishapita Tukuyu. Kila safari, Ushirika. Akishalivua analikunja mara nne analiweka begini, na kuanzia hapo ukimuuliza habari za kazini hajibu tena.

Sasa usiku ule niliandika nini? Niliandika alizaliwa wapi, alisoma shule gani, alibatizwa lini, aliajiriwa lini, alipanda cheo lini, alistaafu lini, ameacha mjane, watoto watano na wajukuu kumi na moja, alianza kuumwa lini, alilazwa wapi, alifariki saa ngapi. Baba mdogo akaongeza aya nzima kuhusu reli, kwamba ina urefu wa kilomita 1,860 toka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi Zambia, na kwamba ilijengwa kwa msaada wa Wachina na ikakabidhiwa mwaka 1976. Ni kweli yote hayo. Lakini angalieni hilo jambo, tulipata nafasi ya kueleza urefu wa reli na hatukupata nafasi ya neno moja kuhusu uvuvi. Na si kwamba tulisahau kabisa, kuna mtu aliuliza pale, nadhani ni shangazi, "mbona hamjaweka mambo ya samaki?" mi nikasema hapana, hiyo ni starehe tu, watu wa kazini kwake watakuwepo, tuweke mambo ya maana. Nilisema hivyo mimi. Mambo ya maana.

Nikasoma mbele ya jeneza, watu wakasikiliza, tukazika. Baadae watu wanakula wali pale chini ya mikakao, akaja mzee mmoja kofia mkononi, miguu ina vumbi la safari, simjui jina wakati ule ila sura nilikuwa naikumbuka kwa mbali. Nikamwamkia, akapokea, akanipa furushi la majani ya migomba, ndani kuna mbasa wawili, wale samaki wa Ziwa Nyasa, wakavu waliobanikwa. Akasema "mwanangu, ndaga fijo (asante sana) kwa kutusomea. Ila huyo uliyemsoma mimi simjui. Mwenzangu hujamtaja." Akakaa kwenye kiti akala wali wake taratibu akaaga.

Nilikasirika kidogo, sitadanganya. Niliona kama ananisuta kwenye msiba wangu. Ikanichukua miezi mitatu kuelewa kwamba alikuwa ananiomba kitu.

Ushauri wangu wa kwanza ni huu: historia ya marehemu asiandike mtu mmoja usiku, hata kama ndo msomi wa ukoo. Msomi anajua kuandika, hajui alichokuwa nacho marehemu. Tuma watoto wadogo waende wakaulize kwa wale ambao huwa hamuwaalikagi kwenye vikao vya familia, fundi aliyekuwa anamshonea viatu, mwenzake wa bao, mama wa gengeni, dereva wa hilo gari la Kyela aliyekuwa anamwekea siti ya mbele. Kila mtu alikuwa na kitu alichokipenda hata kama nyumbani kilikuwa kinaonekana cha kijinga. Kuna aliyependa kwaya, kuna wa njiwa, kuna wa mpira wa redioni. Kitafute hicho kabla hujaandika tarehe ya ajira, na kama muda umebana kiasi kwamba lazima ukate kitu, kata vyeo. Waliofanya nae kazi wanavijua tayari.

Mi nilichelewa kwa hiyo nikafanya baada. Nikapanga likizo ya wiki moja nikaenda Matema, kule baba alikokuwa anavua, kumtafuta yule mzee.

Kwa ambao hawajafika, Matema iko kule kwenye kona ya juu ya ziwa, unapita Ipinda, na ukifika unaona Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta na inaingia moja kwa moja majini. Hapo sio sehemu ya kuchezea. Ziwa Nyasa kina chake kinafika mita 700 na zaidi huko katikati na upande wa mlimani ukitoka kidogo tu na mtumbwi maji yanabadilika rangi yanakuwa meusi. Baba alikuwa anasema ukiona maji yamekuwa meusi nyamaza kidogo halafu endelea. Sijui alitoa wapi hiyo ila mpaka leo nikiwa kwenye mtumbwi nanyamaza.

Yule mzee nilimkuta anashona nyavu. Nikakaa chini mchangani nikamwambia baba yangu nimeshindwa kumsema vizuri, nimekuja unisaidie. Hakusema kitu cha maana siku ile. Na hapa ndo kuna somo lingine kubwa, mi nilikuwa namuuliza maswali ya kipuuzi, "baba alikuwa mtu wa namna gani?" na yeye ananijibu "alikuwa mtu mzuri, mpole, mcha Mungu," majibu ya kwenye kadi za msiba yale. Usiulize hivyo. Ukiuliza swali pana utapewa sifa, na sifa za marehemu wote zinafanana. Siku ya pili nikabadilisha, nikamuuliza mlikuwa mnakaaje kwenye mtumbwi, nani mbele nani nyuma? Akacheka, akasema baba yako nyuma siku zote, anasema akikaa mbele anahisi kuna mtu anamwangalia kisogoni. Basi hapo mlango ukafunguka. Nikamuuliza alikuwa anabeba nini cha kula, alikuwa anaogopa nini, samaki akikatika na ndoano alikuwa anasema neno gani, mara ya mwisho kutoka pamoja ilikuwa asubuhi au usiku na mlirudi na nini. Vitu vidogo vidogo, vya mikono na miguu. Mtu akianza kukumbuka mkono wa marehemu ulivyoshika kafi, mengine yanakuja yenyewe.

Alinieleza kijiko. Hiki nilikuwa nakijua nusu tu. Nyumbani kwetu vijiko vilikuwa vinapotea na mama alikuwa anasema majirani wanaazima hawarudishi, kumbe baba. Mbasa anakula usipa, wale dagaa wa Nyasa, na usipa akigeuka kwenye maji anang'aa, kwa hiyo baba alikuwa anachukua kijiko cha chai cha bati jeupe, anakata mkono kwa msumeno, anatoboa tundu mbili, moja juu moja chini, juu anapitisha mshipi chini anafunga ndoano, halafu anakikunja kidogo tu kwa koleo ili kikivutwa kisiende wima, kiyumbeyumbe. Kile kikiyumba kinametameta, mbasa anajua ni usipa. Mzee akaniletea kimoja. Kimeliwa na kutu pembeni, lakini kwa ndani kwenye shimo la kijiko baba alikuwa amekisugua kwa mchanga mpaka kimekuwa kama kioo. Nilijiona sura yangu humo, ndogo, kichwa chini miguu juu, nikalia pale mchangani kuliko nilivyolia makaburini.

Akanieleza pia misimu, mbasa mvua zikijaza mito anapanda kwenda kutaga, Lufilyo, Mbaka, Kiwira, na kwamba baba wakati huo alikuwa hataki kabisa kwenda kumvizia mtoni kama wengine. Alikuwa anasema huyo anaenda uzazini mwacheni apite. Hapo nikakumbuka mwenyewe kitu ambacho nilikuwa nimekisahau miaka mingi. Nilikuwa na miaka kama minane, baba akavua kale kasamaki kadogo ka bluu ka kwenye miamba, akakashika taratibu akaniambia angalia, akamfungua mdomo kwa ukucha, ndani mna watoto wamejaa, vijicho tu vinaonekana. Wale samaki jike anabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe na watoto wakue kidogo, na muda wote huo hali. Baba akamrudisha majini, akasubiri kwanza atulie mkononi, akamwachia. Hakuniambia neno. Akanawa mkono akaendelea.

Nimeshindwa kuelewa ni vipi niliandika wasifu wa kurasa mbili za mtu huyu na hiyo haimo.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike yote haya. Nilipofeli kidato cha nne, matokeo yalitoka katikati ya wiki, baba akaangalia lile karatasi, akalikunja, hakusema kitu, Ijumaa akaondoka kwenda Matema na hakurudi Jumapili kama kawaida, akarudi Jumanne. Aliomba ruhusa kazini. Mi miaka yote, naomba mnielewe, miaka zaidi ya ishirini, nilikuwa najua kwamba baba alishindwa kuniangalia usoni akakimbilia kwa samaki wake. Niliolewa nikiwa na hiyo. Nilizaa nikiwa na hiyo. Na nadhani usiku ule wa msiba niliposema uvuvi sio mambo ya maana ilikuwa ndo inaongea hiyo.

Yule mzee akaniambia, bila hata kujua kama ni siri, "ah, wewe ndo yule wa mtihani." Akasema baba yako siku ile alifika hapa hakushusha hata mtumbwi. Alikaa pale kwenye ule mti, akalia kama mtoto, akasema mwanangu ana akili ni mimi nimemtwisha kazi za nyumbani. Walikuwa na nyavu ya pamoja yeye na huyo mzee, wamenunua kwa kuchangiana, ya usipa, ile ya kutoka nayo usiku wa giza na karabai, na ndo ilikuwa ndoto yake akistaafu. Akaomba amuuzie mwenzake hisa yake. Mzee hakuwa na hela yote, wakazunguka siku mbili mpaka Ipinda kutafuta mtu wa kumalizia. Jumanne akarudi Mbeya. Wiki iliyofuata mi nikaambiwa kuna hela ya kurudia mtihani na ya tuisheni, nikadhani ni mkopo wa kazini.

Nilirudia, nikafaulu, nikasoma, nikawa mtu wa kuambiwa "we ndo umesoma, andika."

Kwa hiyo nikikwambia nenda kaulize wale watu wa pembeni sikwambii ili upate vichekesho vya kupamba wasifu. Inawezekana kuna deni lako liko huko na hujui. Nenda mapema. Wazee wanaondoka, na yule mzee mwenyewe sasa macho hayaoni vizuri.

Na kama mzazi wako bado yupo, ndugu yangu, mfuate huko huko kwenye kitu chake. Usimkalishe sebuleni na simu ukamwambia "baba tuelezee maisha yako," atakupa historia ya kazi tu. Mtu anaongea akiwa mikono ina shughuli. Kama ni mvuvi mshikie nyungunyungu, kama ni mkulima wa viazi ingia nae kwenye tuta. Weka simu mfukoni imerekodi lakini mwambie kwanza kwamba unarekodi, usimuibie sauti. Na mwache aongee lugha yake, sisi nyumbani tulikuwa tunamlazimisha baba Kiswahili kwa ajili ya wajukuu, lakini habari za ziwa alikuwa anazijua kwa Kinyakyusa, akija kwenye Kiswahili anafupisha.

Kuhusu sauti nina kidonda kingine. Baba mwishoni alijifunza kutuma voisi za WhatsApp na alikuwa anazituma nyingi, toka ziwani, kuna upepo nyuma na maji yanapiga mtumbwi. Nilikuwa nazo kwenye simu nyingi tu. Simu ikaanza kuganda, nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini, akaiflashi bila kuniuliza, zikaenda zote. Imebaki moja kwa sababu mdogo wangu niliwahi kumtumia. Ni ya sekunde kumi na tisa. Anasema "mwambie mama yako nimepata wawili, wakubwa, aweke maji jikoni," halafu kuna kimya kidogo, halafu anasema "haya," basi. Tafadhali leo hii, kabla hujamaliza kusoma, nenda kwenye chati ya mzazi wako, chagua sauti zote, zitume kwa ndugu watatu tofauti na uziweke kwenye barua pepe yako. Zipe majina, mwaka na mahali. Picha pia, zile za karatasi andika nyuma majina ya watu wote kwa penseli laini, sio kalamu ya wino maana inatokeza mbele, na uandike sasa wakati bado kuna mtu anayemjua yule bwana wa kushoto aliyevaa kofia.

Vitu vyake msigawe haraka. Kwenye kugawa nguo baada ya matanga kuna mtu alichukua lile begi la kijani kwa sababu ni begi, linafaa kubebea vitu, na ndani kulikuwa na kopo la ndoano na vijiko na lile koleo dogo, vikamwagwa. Hakuwa na nia mbaya, hakujua. Mi simlaumu, ila ningependa familia nyingine zijue kwamba kabla ya kugawa mkae mpige picha kila kitu alichokuwa anakishika kila siku, na muulize mtu anayejua kinaitwaje na kinafanya nini. Shati ni shati. Lakini kikijiko kilichokatwa mkono kwa asiyejua ni takataka.

Halafu semeni ukweli. Hili mama ndo alinifundisha. Nilipoanza kuandika upya historia ya baba kwa ajili ya ibada ya mwaka mmoja nilikuwa nimelewa na yale mazuri ya Matema, nikaandika baba kama malaika wa ziwani, nikamsomea mama jikoni. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema "na mimi je?" Akaniambia kitinda mimba wetu alizaliwa Jumamosi baba akiwa majini, simu za mkononi hatuna, mama kapelekwa hospitali na jirani kwenye pikapu ya mkaa, baba anafika Jumapili jioni na samaki begani anakuta mtoto ana siku moja. Mama alimnunia mwezi mzima. Akasema andika hiyo. Nikamwambia mama watu watamwona vibaya, akasema "wasipojua nilimnunia watajuaje kwamba nilimsamehe?" Nikaandika kama alivyosema. Na mama akaongeza mwenyewe kwamba toka siku hiyo baba hakwenda tena ziwani kama nyumbani kuna mjamzito au mgonjwa, hata mbuzi akikaribia kuzaa alikuwa anauliza kwanza.

Na akanipa lingine ambalo ningelikosa. Jumamosi kuna soko pale Lyulilo jirani na Matema, Wakisi wa Ikombe wanaleta vyungu vyao kwa mitumbwi, wale wanawake wanafinyanga vyungu vyepesi vizuri hadi raha. Safari iliyofuata baada ya ule ugomvi baba alirudi na chungu. Alikibeba mapajani toka Lyulilo mpaka Mbeya, njia ya Ipinda enzi hizo ni vumbi na mashimo, hajakiweka chini hata mara moja, akashuka miguu imekufa ganzi konda kamshika mkono. Mbasa wote waliopikwa nyumbani kwetu toka hapo wamepikwa kwenye vyungu vya hivyo, na kile cha kwanza bado kipo, kina ufa mdogo mdomoni, mama anawekea chumvi.

Ibada ya mwaka mmoja nikasoma mpya. Kurasa nne, mchungaji alinipa muda. Reli niliiweka mistari mitatu, kilomita nimeziacha, nikaweka badala yake kwamba alitembea kwa miguu kwenye ile njia akikagua na kwamba viatu vyake vilikuwa vinaisha upande wa kulia kwanza. Watu wa reli ndo waliolia zaidi. Yule mzee alikaa mbele, safari hii tulimtumia nauli na gari likamfuata hadi mlangoni, na nilipofika kwenye nyavu akainamisha kichwa, na ndugu zangu wanne wakageuka kuniangalia kwa sababu na wao walikuwa hawajui.

Mwisho wa mambo ya vitendo, kwa wale wanaotaka kuwapeleka watoto waone alikokuwa babu yao, pelekeni, ila kwa adabu ya maji. Kuanzia Mei mpaka Agosti upepo wa kusini unavuma sana kwenye Nyasa na mawimbi yake hayana mchezo, wenyeji wakisema leo hakutokwi usibembeleze wala usiongeze hela. Vaeni maboya hata kama mnaona aibu. Na msiwafundishe watoto kuvua kwa kokoro, ule wavu wa kukokota, limekatazwa kisheria na linazoa hata wale wenye watoto mdomoni.

Sisi tulienda Desemba. Wajukuu saba, mama, mimi na kitinda mimba ambaye sasa ana ndevu. Kabla hatujaondoka Mbeya nilimkuta mama jikoni asubuhi na mapema amemwaga kabati la vyombo mezani, anachagua vijiko. Ameacha vile vizuri vya wageni, amechukua viwili vya zamani vya bati jeupe, anavijaribu kwa kuvigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mwanangu wa kiume alikuwa amesimama pembeni yake na msumeno wa chuma aliouazima kwa jirani. Mama akampa kimoja, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kukata, akasema hapa, babu yako alikuwa anaacha ncha kidogo, na tundu la chini liwe jembamba, la juu ndo liwe pana.